Dawa ya Kuzuia Damu Isigande: Ya Bei Kubwa au Ya Bei Ndogo?

Mkulima wa pamba wa Mhunze anaingia dukani. Anataka dawa ya kuua funza wa vitumba. Mwenye duka anaweka chupa mbili mezani. Ya kwanza ni shilingi 4,000 kwa ekari. Ya pili ni shilingi 20,000 kwa ekari. Mwenye duka anasema, "Mzee, hii ya pili ndiyo kali." Je, mkulima achukue ipi?

Mkulima mwerevu hakimbilii bei ndogo. Wala hadanganywi na sifa. Anauliza swali moja tu: "Nikiongeza shilingi 16,000, nitaongeza kilo ngapi za pamba?"

Tuseme kilo moja inauzwa shilingi 1,000. Kama dawa ya pili inamwongezea kilo 5 tu, atapata shilingi 5,000 zaidi. Lakini ametoa shilingi 16,000 zaidi. Hiyo ni hasara. Kama inamwongezea kilo 40, atapata shilingi 40,000 zaidi. Hapo bei kubwa imelipa.

Kufanya hivyo ni kulinganisha gharama na faida. Madaktari wa moyo nao hulinganisha hivyo hivyo. Katika somo hili tutaeleza dawa wanazotumia wakati wa kuzibua mishipa ya moyo. Tutaona ni ipi ya bei kubwa, ni ipi ya bei ndogo, na kila moja inaokoa watu wangapi. Mwisho tutaona jambo linalotuhusu sisi tunaokaa mbali na hospitali kubwa.

MOYO NI PAMPU

Moyo ni pampu ya nyama. Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo wake husukuma damu kiasi cha lita 5 kwa dakika. Ndoo ya lita 20 ingejaa kwa dakika 4 tu. Moyo hufanya kazi hiyo usiku na mchana bila kulala.

Pampu haiendi bila mafuta. Moyo nao hauendi bila damu yake wenyewe. Juu ya moyo kuna mishipa midogo inayoulisha. Mishipa hiyo ikiwa safi, moyo una nguvu.

Lakini mishipa hiyo huweza kuingia utando wa mafuta ndani yake. Huwa kama bomba la kisima lililoingia tope. Uvutaji wa sigara, shinikizo kubwa la damu, ugonjwa wa sukari na mafuta mengi katika damu huharakisha jambo hilo. Siku moja utando huo hupasuka. Damu huganda mahali hapo kama inavyoganda kwenye kidonda. Mshipa huziba. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

DAKTARI ANAZIBUA MSHIPA

Zamani hapakuwa na njia ya kuzibua mshipa wa moyo bila kupasua kifua. Mwezi Septemba mwaka 1977, daktari Andreas Gruentzig alifanya jambo jipya mjini Zurich, nchini Uswisi. Alipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu wa mgonjwa mpaka kwenye moyo. Kwenye ncha ya mrija palikuwa na puto dogo. Akalijaza puto hilo, nalo likaupanua mshipa ulioziba. Mgonjwa alikuwa macho wakati wote.

Siku hizi, baada ya puto, daktari huacha ndani ya mshipa kijibomba kidogo cha wavu wa chuma. Kijibomba hicho huitwa stenti. Kazi yake ni kushikilia mshipa usizibe tena, kama boriti zinavyozuia udongo usianguke ndani ya shimo la machimbo.

Hapa Tanzania kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam. Taasisi hiyo ilianza kujitegemea mwaka 2015. Kabla ya hapo, Watanzania wengi wenye maradhi ya moyo walipelekwa India kutibiwa. Njia hii watu huiita upasuaji wa tundu dogo, kwa sababu mrija huingizwa kwa tundu dogo la mkononi au la pajani.

KWA NINI DAMU IZUIWE ISIGANDE?

Ukijikata kwa panga, damu hutoka, kisha huganda na kuacha kutoka. Hiyo ni kinga ya mwili. Bila kinga hiyo tungekufa kwa jeraha dogo.

Lakini mrija, puto na stenti ni vitu vigeni ndani ya mshipa. Damu ikivigusa, huanza kuganda. Mshipa unaweza kuziba tena mgonjwa akiwa bado kitandani kwa daktari. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi, mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande.

Hapa pana hatari mbili. Dawa ikiwa haba, damu huganda na mshipa huziba. Dawa ikizidi, mgonjwa hutoka damu bila kukoma. Daktari hupita katikati ya hatari hizo mbili.

DAWA MBILI

Dawa ya kwanza ni heparini. Ni dawa ya zamani. Mwanafunzi mmoja wa udaktari nchini Marekani, Jay McLean, aliianzia kazi mwaka 1916. Siku hizi hutengenezwa hasa kutokana na matumbo ya nguruwe. Mgonjwa ambaye dini yake inamkataza nguruwe ana haki ya kulijua hilo na kuzungumza na daktari wake. Heparini ni ya bei ndogo. Tena ina dawa ya kuizima endapo mgonjwa ataanza kutoka damu nyingi.

Dawa ya pili ni bivalirudini. Asili yake ni jambo ambalo wachungaji wetu wanalifahamu. Ruba wa lamboni akikung'ang'ania mguuni, ukimbandua, damu huendelea kutoka kwa muda mrefu. Sababu ni kwamba mate ya ruba yana kitu kinachozuia damu isigande. Wataalamu walikichunguza kitu hicho, wakatengeneza dawa kwa kukiiga. Dawa hiyo haidumu mwilini. Ikisimamishwa, nguvu yake huisha upesi. Lakini ilipotoka ilikuwa ya bei kubwa sana kuliko heparini.

Wengi walisema, "Hii mpya ndiyo bora, mgonjwa hatoki damu nyingi." Wengine wakasema, "Tuipime kwanza."

DAWA ZAPIMWA

Wataalamu hupima dawa kama bwana shamba anavyopima mbegu. Bwana shamba hugawa shamba nusu kwa nusu. Nusu hii hupanda mbegu hii, na nusu ile mbegu ile. Mvua ni moja na udongo ni mmoja. Mavuno ndiyo yanayosema.

Kipimo cha kwanza kilifanyika Liverpool, Uingereza. Majibu yake yalitangazwa mwaka 2014. Wagonjwa 907 walipewa heparini. Wagonjwa 905 walipewa bivalirudini. Kisha wakahesabiwa waliokufa au kupata madhara makubwa ya kuziba kwa mishipa katika siku 28. Waliopewa heparini walikuwa 52. Waliopewa bivalirudini walikuwa 79. Waliotoka damu nyingi karibu walilingana pande zote mbili. Hapo dawa ya bei ndogo ilishinda.

Kipimo cha pili kilifanyika Sweden. Majibu yalitoka mwaka 2017. Wagonjwa walikuwa 6,006. Kwa kila wagonjwa 1,000 waliopewa bivalirudini, 123 walikufa, au walipata mshtuko mwingine wa moyo, au walitoka damu nyingi katika miezi 6. Kwa kila 1,000 waliopewa heparini, walikuwa 128. Tofauti ni watu 5 kwa 1,000. Tofauti ndogo hivyo yaweza kuwa ya bahati tu. Hapo dawa zilitoka sare.

Kipimo cha tatu kilifanyika China. Majibu yalitoka mwaka 2022. Wagonjwa walikuwa 6,016. Safari hii bivalirudini haikusimamishwa mara baada ya kazi. Iliendelea kutiwa kwa saa 2 hadi 4. Kwa kila 1,000 waliopewa heparini, 44 walikufa au walitoka damu nyingi katika siku 30. Kwa kila 1,000 waliopewa bivalirudini, walikuwa 31. Hapo dawa ya bei kubwa ilishinda.

Msomaji atauliza, "Mbona majibu hayafanani?" Hayafanani kwa sababu namna ya kutumia dawa haikufanana. Mbegu moja ikipandwa kwa nafasi mbili tofauti, mavuno hutofautiana. Ndiyo maana mtu mwenye akili haamini sifa za kipimo kimoja tu.

TUFANYE HESABU

Chukua kalamu na karatasi. Tutumie majibu ya China, ambayo yanaisifu dawa ya bei kubwa kuliko mengine.

Toa 31 katika 44. Unapata 13. Maana yake, ukiwapa watu 1,000 dawa ya bei kubwa, watu 13 wanaepuka kifo au kutoka damu nyingi. Sasa gawa 1,000 kwa 13. Unapata karibu 77. Maana yake, lazima ulipie dawa hiyo kwa watu 77 ili mmoja apate faida.

Kama tofauti ya bei ni ndogo, kulipia watu 77 si kitu. Mtu mmoja ni mtu. Lakini kama tofauti ya bei ni kubwa, hospitali lazima ijiulize: fedha hiyo ikitumika kwa njia nyingine, ingeokoa watu wangapi? Huko si kuuza uhai wa mtu. Ni kutafuta namna ya kuokoa wengi zaidi kwa fedha iliyopo.

Tena ipo njia ya kupunguza kutoka damu bila kununua dawa ya bei kubwa. Ni kupitisha mrija mkononi badala ya pajani. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mkononi mgonjwa hutoka damu kidogo zaidi. Hapo kinachohitajika ni ustadi wa daktari.

KIDONGE CHA BEI YA CHINI KABISA

Sasa tutazame dawa nyingine. Dawa hii haihitaji mtambo wala mrija. Ni aspirini. Wengi wetu tunaijua kama dawa ya kichwa. Lakini aspirini pia huzuia chembe za damu zisishikamane.

Mwaka 1988 yalitolewa majibu ya utafiti mkubwa kutoka nchi nyingi. Wagonjwa wa mshtuko wa moyo walikuwa 17,187. Wengine walipewa aspirini kila siku kwa mwezi mmoja. Wengine hawakupewa. Kwa kila 1,000 ambao hawakupewa, 118 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa katika wiki 5. Kwa kila 1,000 waliopewa, walikufa 94.

Toa 94 katika 118. Unapata 24. Kidonge hiki cha bei ya chini kiliokoa watu 24 kwa kila 1,000. Gawa 1,000 kwa 24. Unapata karibu 42. Wape watu 42, mmoja anaokoka kifo. Hakuna haja ya kuuza ng'ombe ili kununua kidonge hicho.

HAPA KWETU TANZANIA

Je, sisi tunakitumia kidonge hicho? Tusikilize jambo la kusikitisha.

Mwaka 2020 yalitolewa majibu ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja kubwa ya kaskazini mwa nchi yetu. Watafiti waliwapima wagonjwa 681 waliofika wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Wagonjwa 152 walikuwa na mshtuko wa moyo. Kati ya hao 152, waliopewa aspirini katika chumba cha dharura walikuwa 35 tu. Hakuna hata mmoja aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Baada ya siku 30, kati ya wagonjwa 150 waliofuatiliwa, 65 walikuwa wamekufa.

Tena wagonjwa hao walichelewa. Kwa wastani, walifika hospitali siku 6 na zaidi tangu maumivu yaanze.

Ndugu msomaji, tazama vizuri hesabu hii. Huko kwingine wanashindana kwa tofauti ya watu 5 au 13 katika 1,000. Sisi tumepoteza watu 65 katika 150. Tunawapoteza kwa sababu ugonjwa hautambuliwi, mgonjwa anachelewa, na kidonge cha bei ndogo hakitolewi. Hapo ndipo penye mavuno makubwa kwa gharama ndogo.

Kutoka Mhunze hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Mshipa ulioziba hausubiri safari hiyo. Mgonjwa wetu ataokolewa kwanza na kazi itakayofanyika katika saa za mwanzo, hapa hapa karibu.

ZIJUE DALILI

Dalili za mshtuko wa moyo ni hizi:

1. Kifua kubana au kulemewa, kama kimefungwa kamba au kimewekewa gunia.
2. Maumivu kwenda begani, mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni.
3. Jasho jingi la baridi.
4. Kukosa pumzi.
5. Kichefuchefu, kutapika au kizunguzungu.

Mara nyingine mwanamke, mzee au mgonjwa wa sukari hasikii maumivu makali. Hukosa pumzi na kuishiwa nguvu tu. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo au uchovu wa shamba.

Mtu akianguka ghafla, wako watakaosema, "Karogwa." Kisha bibi kizee wa jirani hunyoshewa kidole. Mkoa wetu wa Shinyanga umewahi kumwaga damu ya wazee wasio na hatia kwa maneno kama hayo. Mshipa ulioziba hauzibwi na macho ya mtu. Anayepoteza muda kumtafuta mchawi humpoteza mgonjwa wake, na huenda akampoteza jirani yake pia.

NINI KIFANYIKE?

1. Mwondoeni mgonjwa kazini. Akae ametulia. Asitembee wala kuendesha baiskeli.
2. Tafuteni gari mara moja. Msingoje asubuhi.
3. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Semeni wazi saa maumivu yalipoanza.
4. Ombeni apimwe umeme wa moyo kama kipimo kipo.
5. Mwulizeni mganga, "Je, anafaa kupewa aspirini sasa?" Swali hilo si utovu wa adabu.
6. Ulizeni kama anahitaji rufaa, na kama ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ulizeni mapema bima yenu inalipia nini. Ulizeni kabla ya ugonjwa na kabla ya kupeleka ng'ombe mnadani.

ALIYEWEKEWA STENTI ASIACHE DAWA

Tuchukue mfano. Mzee mmoja amepelekwa Dar es Salaam. Ukoo umeuza ng'ombe. Amewekewa stenti na amerudi kijijini akiwa na nguvu. Amepewa vidonge vya aspirini na klopidogreli, anywe kila siku. Baada ya miezi miwili vidonge vinakwisha. Anasema, "Nimepona. Fedha ya vidonge tununue mbegu."

Hilo ni kosa kubwa. Stenti ni chuma kigeni. Ikiachwa bila dawa mapema, damu huweza kuganda ndani yake kwa ghafla. Ng'ombe wote waliouzwa huwa wamepotea bure, na mzee mwenyewe huweza kufa. Mara nyingi vidonge hivyo viwili hutumika pamoja kwa miezi 6 hadi 12. Kisha kimoja huendelea. Daktari ndiye atakayesema lini kiachwe. Basi ukoo unapopanga bajeti ya safari, uweke pia fedha ya vidonge vya mwaka mzima.

ONYO

Dawa za kuzuia damu isigande si pipi. Usinunue aspirini na kuinywa kila siku eti kujikinga, bila kupimwa. Humdhuru mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa kutoka damu, na aliyepooza kwa sababu ya damu kuvuja kichwani. Mama mjamzito asiitumie bila ruhusa ya mganga. Usimpe mtoto aspirini kwa homa. Unapokunywa dawa hizi, mwambie mganga kabla ya kung'olewa jino au kupasuliwa. Mwambie pia kama unatumia dawa za miti shamba.

Ukiona kinyesi cheusi kama lami, mkojo wa damu, au kichwa kinauma sana kwa ghafla, nenda hospitali mara moja.

KUMBUKA

Bei kubwa si ushahidi wa ubora. Bei ndogo si ushahidi wa ubovu. Uliza dawa inaokoa watu wangapi, na kwa fedha kiasi gani. Kwetu sisi, kufika mapema, kupewa kidonge cha bei ndogo kwa wakati wake, na kutoacha dawa ndiko kunakookoa watu wengi zaidi.

MANENO MAPYA

Mshtuko wa moyo: kufa kwa sehemu ya moyo kwa sababu mshipa wake umeziba.
Stenti: kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa usizibe.
Heparini: dawa ya sindano ya kuzuia damu isigande.
Bivalirudini: dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa kuiga mate ya ruba.
Gharama na faida: fedha inayotolewa na matokeo yanayopatikana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini daktari huzuia damu isigande anapozibua mshipa wa moyo?
2. Dawa moja inawafaa watu 20 zaidi kwa kila 1,000. Ni watu wangapi wapewe ili mmoja apate faida?
3. Mtu akipata maumivu ya kifua usiku kijijini kwenu, ni gari la nani litakalompeleka hospitali? Nani atalipa mafuta? Kubalianeni leo.